Malalamiko kuhusu medali ya baba mkwe wangu iliyopotea mikononi mwenu

Mombasa,
9 Machi

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Bwana/Bibi,

KUH: KIFURUSHI KUTOKA GOSPORT, UINGEREZA – MEDALI MOJA PUNGUFU

Hii ni mara ya tatu nawaletea shida hii. Mara mbili za kwanza nilikuja mwenyewe, kijana wa dirishani akanijazisha fomu, na fomu zote mbili sijui zilimezwa na droo gani. Barua hii naileta kwa mkono, na nakala yangu naomba igongwe muhuri.

Mwezi wa Januari wifi yangu alipeleka kwenye tawi lenu la huko kisanduku chenye medali nne za baba yake. Ana miaka 80, anahamia nyumba ya wazee, akaona vitu vya baba yao vije kwa watoto wa nduguye, yaani marehemu mume wangu, aliyefia hapa Mombasa mwaka jana. Kisanduku kilipimwa mbele yake: gramu 640. Karatasi niliyoitia sahihi hapa nilipokipokea inasema gramu 600. Mkanda wa gundi aliofungia wifi ulikuwa wa kahawia. Juu yake pamebandikwa mwingine wa njano wenye jina la kampuni yenu.

Nilipofungua, mahameli ya ndani ilikuwa imepauka kote isipokuwa pale medali zilipolala miaka yote hiyo. Alama ni nne, medali ni tatu. Ile alama ya nne ni duara, bado ina rangi yake kama siku iliposhonwa, na pini iliyoshikilia utepe ipo palepale, imepinda.

Jibu lenu la mistari minne linasema "vyuma vya mapambo, kimoja pungufu", na kwamba fidia hulipwa kwa uzito. Nimepiga hesabu ya gramu 40 kwa viwango vyenu. Haifiki nauli ya matatu ya kwenda Kongowea na kurudi. Kijana wa dirishani, naamini kwa nia njema, akaniambia medali kama hizo zinauzwa mtandaoni, mtaninunulia nyingine.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Tatu zilizofika ni za Vita vya Pili vya Dunia: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Atlantiki na Medali ya Vita. Waingereza walizitoa kwa wingi bila kuchonga jina la aliyepewa. Mngepoteza mojawapo ya hizo ningenung'unika siku mbili tatu, kisha ningepokea nyingine. Iliyopotea ni ya utumishi mrefu na mwenendo mwema, anayopewa mwanamaji akitimiza miaka 15. Ni ya fedha: upande mmoja Mfalme George wa Sita, upande wa pili meli ya matanga iliyozungushiwa kamba, utepe wake buluu iliyoiva wenye kingo nyeupe. Na kwenye ukingo, kwa herufi ndogo ambazo mume wangu alikuwa akizipitishia ukucha kila tulipokwenda Gosport, pamechongwa namba ya baba yake, jina na cheo. Hiyo ya mtandaoni itakuwa na jina la baba wa watu wengine.

Na mwenye jina hilo hana kaburi. Tarehe 16 Aprili 1951 alitoka Portsmouth ndani ya nyambizi Affray kwenda mazoezini, jumla yao watu 75. Usiku wakapiga mbizi kama ilivyopangwa, asubuhi wakaitwa kwenye redio, kimya. Ilitafutwa mpaka 14 Juni ndipo ikaonekana imelala chini ya bahari upande wa kisiwa cha Alderney, bomba lake la kuvutia hewa limevunjika. Hakunusurika hata mmoja, nao wamo humo hadi leo. Mume wangu alikuwa na miaka miwili. Tangu anioe, kila 16 Aprili alikuwa akishuka Mama Ngina baada ya magharibi, anakaa ukutani kuitazama bahari, harudi mpaka chai imepoa. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akiwaza nini.

Kwa hiyo pesa za gramu 40 sizitaki. Mkanda wa njano haujibandiki. Kuna mtu aliyekifungua kisanduku akakifunga tena. Kumbukumbu zenu wenyewe zinaonyesha kililala siku nne kwenye ghala lenu kabla ya kuletwa hapa. Nataka kujua ni nani aliyekifungua, mbele ya shahidi gani, na kwa nini sikupewa maandishi yoyote. Picha za kamera za siku hizo zitazamwe kabla hazijafutwa. Ghala lipekuliwe chini ya rafu na nyuma ya mizani, maana kitu cha duara kikianguka hubingirika mbali. Kisha niandikiwe jibu lenye jina na sahihi ya mtu, kabla ya 16 Aprili, siku wajukuu wake watakapokuwa hapa nyumbani.

Mkanda wenu wa njano nimeuhifadhi, pamoja na kisanduku na ile pini. Mkimtuma mtu aje kuviangalia, nipo nyumbani kila siku baada ya adhuhuri. Asije na fomu nyingine.

Wenu,
Mpokeaji wa kifurushi
(sahihi)