Shukrani kwa Dogo wa zizini, Usa River

Jina lako halisi silijui, wote pale wanakuita Dogo. Asante sana mwanangu.

Mimi mama wa miaka 58, mwenye wajukuu, niliyeacha kupanda farasi tangu ujana, nilikuja nikitaka kukimbiza farasi siku ile ile. Wewe ukanisogezea kigogo cha kupandia: "Shikamoo mama. Pandia hapa, farasi naye anaumia mgongo akivutwa upande mmoja." Kisha ukashika hatamu, ukatembea naye taratibu, vumbi lote likiwa lako.

Mapaja yaliniwaka mpaka nikawa nashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume (wajukuu walicheka, wacha wacheke). Ni wewe uliyeniambia nishushe visigino, nisibane pumzi, na nyumbani niwe nainuka kitini bila kushika kitu. Na mlima wa kwenda Ilboru niupande kwa miguu, bodaboda nizisahau. Hilo la bodaboda lilinikera kweli!

Sasa farasi akienda mchakamchaka nainuka naye, nakaa naye, na pumzi ipo.

Ulikataa hata soda. Nimekuachia mkungu wa ndizi kwa mlinzi getini, huo usiukatae.