TV kubwa au projekta?

Jamani, habari za jioni. Nimesoma maoni yenu yote, na naona wengi mnavutiwa na projekta kwa ajili ya ukubwa. Sawa, picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2 hivi, TV ya inchi 65 haifiki hata mita moja na nusu. Ila projekta haitoi rangi nyeusi, weusi wake ni ule ule wa ukuta. Juzi niliwasha ya kuazima saa tisa mchana, pazia wazi: nyuso zote kama zimemwagiwa maziwa! Kama sebuleni kwako mwanga hauzuiliki, chukua TV. Wa projekta, ulizeni lumeni za ANSI, yaani mwangaza uliopimwa kwa kipimo rasmi, si zile namba kubwa za kwenye boksi. Anayetaka kuijaribu aniambie leo, nairudisha Jumamosi.