Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wauguzi na wakunga wenzangu,

Kila mwaka kabla ya mkutano mkuu nimekuwa nikiwaandikia orodha ya vikao, na najua wengi mnaruka hadi ukurasa wa mwisho. Safari hii vikao navimaliza kwa sentensi moja: kamati ya utendaji ilikutana kila robo mwaka, akidi ilitimia, na mihtasari iko kwa katibu. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo lililotugombanisha mwaka mzima, yaani mafunzo ya mtandaoni.

Ugomvi ulianza Jumapili, tarehe 12 Mei. Ilikuwa Siku ya Wauguzi Duniani, na sisi wa Kanda ya Ziwa tulikuwa tumekubaliana tusikodi ukumbi. Kila mtu abaki alipo, na mada ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua itolewe kwa Zoom. Wenzetu wa Ukerewe walishangilia kuliko wote, maana kwao mkutano wa Mwanza ni kuvuka ziwa, kulala, na kuvuka tena. Kwenye saa nne na nusu asubuhi mtoa mada alisalimia, akaonyesha slaidi ya kwanza, akaganda mdomo wazi. Kila mmoja wetu alidhani bando lake limeisha. Wapo walionunua jingine palepale, na jingine tena. Baadaye ndipo tukasikia kwamba nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zimekatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zilizofuata mtandao ulikwenda kwa kuchechemea.

Tangu siku hiyo chama kikawa na kambi mbili. Kambi ya ukumbini ikasema, si tuliwaambia? Turudi kwenye semina zetu, watu waonane. Kambi ya mtandaoni ikajibu kwamba waya kukatika ni ajali, na kwamba fedha za ukumbi, nauli na chakula cha mchana zingetosha kuwapa wanachama bando la mwaka. Nilisikiliza pande zote kwa miezi, na niseme bila kuficha: pande zote mbili zilikuwa zinapiga hesabu za mfukoni. Semina ina posho. Simu haina posho, ila haina nauli. Hakuna aliyesimama kuuliza ni njia ipi inayobaki mikononi mwa mtu saa tisa usiku, mama anapojifungua na mtoto halii.

Jambo lenyewe si geni katika eneo letu. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada kwa kutumia kompyuta, wakiwalenga watu wapatao 22,000 ambao wasingeweza kuacha vituo vyao kwenda kukaa darasani. Nadharia waliisoma walikokuwa, na vitendo wakavifanya wodini chini ya msimamizi. Ule mgawanyo ulikuwa wa busara, na miaka karibu ishirini baadaye sisi tulikuwa bado tunabishana kana kwamba lazima mtu achague kimoja.

Kuhusu ubora wa njia hizi, kuna kazi moja ninayoirudia kila nikiulizwa. Mwaka 2008 David Cook wa Mayo Clinic, Marekani, na wenzake walikusanya tafiti 201 za kufundisha watu wa afya kwa intaneti. Ukilinganisha somo la intaneti na kutokuwa na somo kabisa, faida ni kubwa. Ukililinganisha na njia nyingine za kufundishia, tofauti kwa jumla ni ndogo, tena haina mwelekeo mmoja. Kwa hiyo mwanachama wa zahanati ambayo haijaona semina kwa miaka minne, mtandao ni neema kwake. Ila anayedai kwamba ukumbi ni bora kwa kuwa ni ukumbi, au simu ni bora kwa kuwa ni simu, hana pa kushika.

Sasa niwaeleze yaliyonikuta mimi.

Mtandao ulipotengemaa tulirudia somo lile kwa mtindo mwingine. Kila mtu asome kwa wakati wake, atazame video, ajibu maswali, apakue cheti. Somo lilikuwa na pointi za mafunzo endelevu, na mnajua pointi zisipotimia kuhuisha leseni kunakuwa kazi, kwa hiyo mwitikio ulikuwa mkubwa. Ulikuwa mkubwa mno. Siku ya kwanza, kabla ya saa saba mchana, majibu ya jaribio yalikuwa yameshabandikwa kwenye kundi letu la WhatsApp, yamepangwa vizuri, namba moja hadi ya mwisho, na chini yake mtu ameweka maua. Mwanachama mmoja alinieleza bila haya kwamba video aliziacha zijichezee zenyewe huku akikaanga sangara. Sitamsema sana. Mimi nilizitazama zote, sikunakili kwa mtu, nikapata 20 kwa 20, nikajiona.

Wiki mbili baadaye, zamu ikiwa imepoa, kijana wetu mmoja aliyeajiriwa karibuni aliweka juu ya meza ya leba mdoli wa mazoezi, ule wa plastiki unaojazwa maji mpaka uwe na uzito wa kichanga. "Mama, hebu tuonyeshe," akasema, akawasha saa ya simu. Nikamkausha, nikamsugua mgongo. Halii. Nikachukua mfuko wa kupumulishia, nikaweka barakoa usoni, nikaminya. Kifua hakikupanda. Nikaminya kwa nguvu zaidi, hewa ikatorokea shavuni ikilia kama puto lililofunguliwa. Barakoa nilikuwa nimeiweka juu mno, imekalia macho, na kidevu nimekikunja kifuani. Hayo yote nilikuwa nimeyajibu sawasawa kwenye maswali! Nilipokinyanyua kichwa kidogo, kikakaa kama cha mtu anayenusa chapati za jirani, kifua kikapanda. Kijana akasimamisha saa: dakika 1 na sekunde 38. Ninyi mnaijua Dakika ya Dhahabu. Ikiisha, mtoto awe ama analia ama anapumulishwa. Yule mdoli wangu alikuwa ameshapitwa.

Kambi ya ukumbini ilipoipata habari hii ilifurahi sana. Ilifurahi mapema.

Maana Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, ilishatuonyesha upande wa pili. Mwaka 2010 watumishi wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kusaidia watoto kupumua, ana kwa ana, na mdoli mkononi, kama semina zetu zile zile. Miezi saba baadaye walipopimwa kwa mdoli walifanya vizuri. Lakini leba, kwa watoto wenyewe, huduma ilikuwa haijabadilika. Dkt. Estomih Mduma na wenzake hawakuyatupa mafunzo hayo, walibadili dozi. Dakika 3 hadi 5 kila wiki, na dakika 40 kila mwezi, hapohapo leba, bila ukumbi, bila begi la semina. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Na mwezi uliopita, Februari 2025, yametoka matokeo ya Safer Births, kazi iliyofanyika katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambayo mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini ni sehemu yake kubwa. Vifo vya watoto wanaofia tumboni wakati wa uchungu na wanaokufa siku ya kwanza, vikijumlishwa, vimepungua kwa asilimia 18. Wanachama wetu kadhaa wa Mwanza na Geita wanafanya kazi katika vituo hivyo. Wamekuwa wakituambia haya kwa miaka miwili na sisi tukiwa tunabishana kuhusu bando.

Basi tulikuwa tunapigania jina la chombo, wakati tatizo lilikuwa dozi. Siku moja ukumbini inasahaulika, na saa nane za video zinasahaulika hivyohivyo, tena huku samaki akiungua. Video ina kazi yake, na kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko mimi. Inaonyesha mara mia bila kuchoka, na mtu anaweza kuirudisha nyuma bila kumwonea aibu mkufunzi. Lakini haiwezi kukwambia kwamba hewa inatoka shavuni.

Mwezi Oktoba kamati iliamua mambo ambayo mkutano mkuu utaombwa kuyaridhia. Fedha ya ukumbi haitakodi ukumbi. Itanunua midoli, mifuko na barakoa, na kila tawi litakuwa na seti yake, ikae leba wala si kabatini kwa mfawidhi. Video zitapakuliwa mara moja na katibu wa tawi, zigawiwe kwa memori kadi au kwa simu hadi simu, ili waya wa baharini ukikatika tena tusijue. Jaribio la maswali litaendelea kwa sababu ya pointi, ila chama hakitamhesabu mtu kuwa amemaliza mpaka mwenzake amshuhudie mezani, na saa ya simu ikiwa inakimbia. Maelezo ya video yako kwa Kiingereza, na wanaofahamu lugha hiyo vizuri zaidi wameombwa kurekodi sauti ya Kiswahili, Kiswahili tunachokisema leba, si cha kamusi.

Kuna manung'uniko moja sikuweza kuyamaliza na nayaleta kwenu. Kituo kimoja, sitakitaja, kilibandika tangazo kwamba asiye na cheti cha kozi fulani ya mtandaoni kufikia Ijumaa ajieleze kwa maandishi. Kozi ya saa nane. Zamu hazikupunguzwa hata moja, bando halikutolewa, kompyuta ya kituo ilikuwa ofisini na ofisi ina kufuli. Watu walisoma usiku, kitandani, kwa fedha ya mboga, kisha taarifa ya kituo ikaandika kwamba watumishi wote wamepata mafunzo bila gharama. Gharama ilikuwepo, ilihamia tu mfukoni mwa muuguzi. Niliandika barua, nikajibiwa kwamba suala linashughulikiwa, na ndivyo lilivyo hadi leo. Napendekeza mkutano mkuu utoe tamko moja: mafunzo yanayoagizwa na mwajiri yafanywe ndani ya saa za kazi na kwa mtandao wa mwajiri.

Uchaguzi wa makatibu wa matawi utafanyika siku hiyohiyo ya mkutano. Ada za wanaochelewa ni zilezile na visingizio ni vilevile.

La mwisho, mdoli wa pili ulioazimwa mwezi wa Desemba bado haujarudi, na aliyeuchukua anajua. Aje nao mkutanoni, maji yamwagwe kwanza. Mfuko wake nao uletwe kama ulivyo, maana valvu ilikuwa imeanza kuvuja na fundi amesema ataiangalia.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti
Machi 2025