Maonyesho yaanze na wenye mashua

Kisumu, Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku ziwani. Natumai u buheri wa afya pamoja na wote wa nyumbani. Barua yako niliipata Alhamisi, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali lako si dogo: mnapowaalika wasanii wa Ujerumani waje Nakuru kuandaa nanyi maonyesho kuhusu ardhi na uchaguzi, mwanzie wapi?

Nikujibu kwa kisa ambacho hadi leo kinaniuma. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja lilimleta msanii mgeni ufuoni Dunga, akakaa wiki mbili akiwapiga picha wavuvi, nyavu zao na mashua zao. Picha zilikuwa nzuri kweli. Lakini zilitundikwa katika hoteli mjini, na jioni ya ufunguzi nilimkuta mzee mmoja mvuvi amesimama nje, shati limepigwa pasi, akichungulia kupitia kioo picha ya mashua yake mwenyewe, huku bawabu akimdai kadi ya mwaliko. Mzee hakubishana. Alinyosha kidole tu, akaonyesha namba iliyopakwa rangi ubavuni mwa chombo, kama mtu anayetoa kitambulisho. Niliingia ndani kumwombea ruhusa. Niliporudi alikuwa amekwenda zake.

Tangu siku hiyo nimeyafuatilia sana maonyesho ya sanaa ya documenta, yanayofanyika katika mji wa Kassel, Ujerumani, kila baada ya miaka mitano kwa siku 100. Yale ya mwaka 2022 yaliongozwa na ruangrupa, kundi la wasanii wa Jakarta, walioyajenga juu ya neno lao lumbung, yaani ghala la mpunga ambamo wanakijiji huweka ziada ya mavuno kwa manufaa ya wote. Mtu wa huku hulielewa jambo hilo upesi akiikumbuka dero, ghala la nafaka la bibi yake, ingawa dero ni ya boma moja. Kundi la Wajukuu kutoka Mukuru, Nairobi, lilivisha lango la jumba mojawapo mabati yaliyochakaa, wageni wakawa wanaingilia humo, na kazi yao ikatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode, iliyopewa jina la mwasisi wa maonyesho hayo.

Lakini kazi iliyonigusa zaidi ni ya Nest Collective, wa Nairobi vilevile, waliojenga banda la marobota ya mitumba katika bustani ya Karlsaue na kulipa jina lenye maana ya "mrudishie aliyetuma". Wewe umeshinda nami sokoni Kibuye, unajua jinsi mama anavyolinunua robota bila kuona kilichomo. Hukata mikanda, nguo zikafumuka, akachambua kamera, yaani nguo bora kabisa, kwanza kwa wateja wake wa kila wiki, na mwishoni akabaki na fagia: makoti mazito yasiyovalika kwenye joto hili, suruali zenye madoa, zipu zilizong'oka. Fedha amekwisha kuzilipa zote. Msanii aliyekulia karibu na soko kama hilo haelezwi siasa za taka na mtu yeyote. Anazijua kwa mikono.

Maonyesho hayohayo pia yalijeruhi. Bango kubwa la Taring Padi, kundi jingine la Indonesia, lilichorwa mwaka 2002 kuushutumu utawala wa Suharto, aliyekuwa rais wa nchi hiyo, lakini lilikuwa na sura zilizowadhalilisha Wayahudi. Lilifunikwa kwa kitambaa cheusi, kisha likaondolewa, na mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu akaacha kazi. Naona waliolalamika walikuwa na haki, na nasikitika kwamba hakuna aliyeketi nao mbele ya lile bango kabla halijapandishwa.

Hapo ndipo ninapokuhofia, ndugu yangu. Nakuru na Kisumu zote mbili zilichomeka baada ya uchaguzi wa 2007, na baadhi ya waliofukuzwa makwao wakati huo wangali majirani zenu. Mchoro wa panga au wa nyumba inayowaka huenda kwa mgeni ukawa ishara tu, lakini mama aliyelala hemani ataliona paa lake. Kwa hiyo nakusihi, kabla ya kutafuta ukumbi, waketisheni wageni wenu na watu hao, tena kwa siku kadhaa, wakiwa na uwezo kamili wa kusema picha fulani isitundikwe. Ufunguzi ufanyieni mahali ambapo hapaulizwi kadi. Na katika mkataba iandikwe tangu mwanzo ni kazi zipi zitabaki Nakuru, na nani atazitunza, maana ahadi ya mdomo hupanda ndege pamoja na mgeni.

Nikialikwa kwenye kikao cha kwanza nitakuja, hata kama ni siku ya kazi. Yule mzee wa Dunga nimekwisha kumdokezea, naye ameuliza jambo moja tu: kama wavuvi wa Ziwa Naivasha wataitwa pia. Nijulishe nimjibu nini.

Wako wa siku zote,
Nduguyo wa Kisumu