Malalamiko kuhusu oili ya giaboksi, na kuhusu kanga yangu

Duka la Pembejeo, Kihesa,
Iringa.
19 Juni 2024

Meneja Mkuu,
Huduma za Magari,
Dar es Salaam.

YAH: KUTOZWA KAZI ISIYOFANYIKA, KUHARIBIWA GIABOKSI NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu nyingi nitakupa siku tukimalizana, leo niruhusu niende moja kwa moja.

Ijumaa ya tarehe 7 Juni, saa kumi na mbili kasoro jioni, nilikuwa katikati ya mlima Kitonga. Nyuma yangu kuna semitrela lenye mzigo wa Zambia, mbele kona, na Hilux yangu nakanyaga mafuta haiendi. Injini inalia, mshale unaruka mpaka 4,000, gari linatambaa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Halafu ikawaka taa ya joto la oili ya giaboksi. Kama umewahi kupanda Kitonga unajua pale si pa kuegesha: huku mwamba, huku korongo. Utingo wa lile semitrela, Mungu ambariki kijana yule, ndiye aliyeruka na mawe mawili akaweka nyuma ya matairi, akavunja matawi tukayatandaza barabarani.

Asubuhi ya siku hiyohiyo msimamizi wenu wa karakana alikuwa ameniambia, "Imejaa, mama. Safari njema."

Kadi ya kazi mnayo kwenye mfumo wenu, na utaratibu wenu mnaujua kuliko mimi, kwa hiyo sitausimulia. Nitakukumbusha tu nilichoagiza Alhamisi nilipoliacha gari, maana dada wa mapokezi alikiandika mbele yangu. Gari lina kilometa 318,000. Nilisema msitumie mashine ya kusukuma oili. Fungueni nati, mwageni inayotoka, shusheni sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, wekeni filta mpya na gasketi mpya, futeni sumaku, mrudishe kiasi kilekile kilichotoka, kisha mpime likiwa la moto. Sikuagiza kingine.

Na kosa langu nalisema mwenyewe kabla hamjaliokota: nilipitiliza. Kawaida yangu ni kila kilometa 40,000, lakini mara ya mwisho ilikuwa kwenye 251,000. Ndiyo maana mashine niliikataa. Oili iliyochoka kwenye giaboksi lenye umri inakuwa imebeba unga wa pleti za klachi, na ukiisukuma yote kwa presha siku moja, uchafu ule unahama unaenda kuziba vijitundu vya valvu. Nilitaka kwenda taratibu. Leo itoke iliyo kwenye sampu, nyingine ibaki kwenye konveta, ile inayokaa kati ya injini na giaboksi, baada ya kilometa elfu moja au mbili nirudie. Ni kazi ya kuchosha, lakini giaboksi la zamani ndivyo linavyobembelezwa.

Ankara yenu ikaja inasema hivi: kusafisha giaboksi kwa mashine, oili lita 12, filta moja, gasketi moja, ufundi. Jumla shilingi 685,000. Nililipa. Nilikuwa na katoni za mbegu na dawa za nyanya zinazosubiriwa na wakulima Ilula, na saa zilikuwa zinakwenda. Niliomba kitu kimoja tu: nipimiwe oili mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo msimamizi wenu alipofungua boneti, injini imezimwa, ya baridi tangu jana yake. Akachomoa stiki ya kupimia oili. Akaangaza angaza pa kuifutia. Akaingiza mkono dirishani, akachukua kanga yangu iliyokuwa imekunjwa juu ya kiti, akafutia stiki. Akaichovya, akaichomoa, akaniambia imejaa. Nilipomwambia kwamba gari la oto halipimwi hivyo, kwamba liwashwe, lipate moto, gia zipitishwe zote kutoka P mpaka ya chini kabisa na kurudi P, ndipo stiki isomwe injini ikiwa inaunguruma, akacheka. Akasema, "Mama, mpigie baba nimweleze yeye. Haya mambo ya giaboksi nitakuchosha bure."

Nitalirudia jambo hili, usije ukadhani limepita.

Pale Kitonga nilimpigia fundi wangu wa Iringa. Alikuja na Noah ya abiria, dumu la oili mapajani, akafika giza limeshaingia. Aliwasha gari, akapitisha gia kwa kumulika tochi ya simu, akachomoa stiki huku injini inazunguka: kavu. Hata alama ya chini ya baridi haikuguswa. Iliingia lita mbili na nusu ndipo ikagusa alama ya moto. Na hesabu hii msimamizi wa karakana hapaswi kufundishwa na muuza mbegu: injini ikizimwa, oili inateremka kutoka kwenye konveta inajikusanya kwenye sampu, stiki inadanganya kwamba imejaa. Ukiwasha, pampu inaivuta, na kama ni pungufu, pampu inaanza kunywa hewa. Klachi zinakosa presha, zinateleza, zinaungua. Tambarare ya Chalinze na Morogoro ilinifichia, ingawa kuanzia Mikumi nilishahisi gia ya tatu inachelewa kuingia, nikajidanganya kwamba ni oili mpya inajizoesha. Mlima haukunificha.

Jumamosi tukashusha sampu. Ndugu Meneja, naomba usome sehemu hii ukiwa umekaa. Boliti za sampu zilikuwa na udongo mwekundu wa Iringa uliokauka tangu masika, haujabanduliwa hata mmoja. Gasketi ni ileile ya zamani, imekuwa ngumu kama kigae. Filta ni ileile, nyeusi. Sumaku imevaa koti la unga wa chuma, na safari hii kulikuwa na vipande vyeusi vya pleti ambavyo huko nyuma hatukuwahi kuviona. Nati ya kumwagia peke yake ndiyo iliyokuwa na alama mpya ya spana. Kwa hiyo mlichofanya ni kumwaga kidogo, kurudisha pungufu ya mlichomwaga, na kuandika ankara ya lita 12.

Nimefika mahali namshukuru Mungu kwamba mliniibia. Mngeitumia kweli hiyo mashine niliyoikataa, pengine nisingefika hata Kitonga.

Nilipiga simu tawini mara nne. Ya kwanza niliambiwa msimamizi yuko kwenye kikao. Ya pili nikaambiwa gari za kilometa nyingi "huwa zinafanya hivyo". Ya tatu akaja yeye mwenyewe, akasema giaboksi lilikuja limeshakufa na wao walilihurumia tu. Ya nne haikupokelewa.

Sasa narudi kwenye kanga.

Palikuwa na ndoo ya matambara pembeni ya mguu wake wa kushoto. Nilikuwa naiona, na yeye alikuwa anaiona. Hakuhitaji kitambaa cha mteja. Kanga ile ni ya doti niliyopewa na mama mkwe wangu, ndiyo ninayojitanda nikiwa safarini, na niliikunja vizuri nikaiweka kitini kabla sijashuka. Aliichukua kama mtu anavyochukua gazeti la jana. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja wanaume watano. Aliposema "mpigie baba", alilisema kwa sauti, akiwaangalia wao, si mimi. Wawili walicheka. Kijana wa mafunzo aliyeshika tochi akacheka pia, maana bosi wake kacheka. Dada wa mapokezi akainamia simu yake. Kisha msimamizi akairudisha kanga kitini bila kuikunja, upande wenye oili juu, akafunga boneti kwa kiwiko. Mimi nikasimama pale, mwanamke wa miaka 51, niliyeendesha gari hilo kwa miaka 11 kati ya Dar, Iringa na Makambako, nikasema "asante". Nilisema asante! Hicho ndicho kinachoninyima usingizi kuliko hata giaboksi.

Baba anayemtaka amelala kaburini tangu 2019. Simu haipokei.

Ila msimamizi wenu alinifanyia hisani moja bila kujua. Sehemu aliyofutia ilikuwa kwenye mji wa kanga, palipo peupe. Oili mpya ya giaboksi la oto kwa kawaida ni nyekundu, kila fundi anajua. Doa lile ni la kahawia, na mpaka leo linanuka moshi. Kama ziliingia lita 12 mpya asubuhi ile, wekundu ulikwenda wapi? Kanga ipo ndani ya mfuko wa plastiki, haijafuliwa. Filta ya zamani ipo. Picha za boliti na udongo wake zipo, na tarehe zake.

Ninachodai mwanzoni kilikuwa kidogo. Nilipoanza kuandika rasimu ya barua hii nilitaka shilingi 685,000 zangu zirudi na niombwe radhi kwa maandishi. Lakini juzi nimepanda Ipogolo kuelekea mjini na gia ya tatu imeteleza tena ilipopata moto, pamoja na filta mpya na oili mpya niliyonunua mwenyewe. Fundi anasema pleti zimeshaungua, giaboksi lifunguliwe, na makadirio yake ni shilingi 2,800,000. Basi nadai hizo pia. Nadai na gharama ya Noah, oili ya njiani, na siku mbili za duka kufungwa. Radhi iandikwe na msimamizi mwenyewe, kwa mkono wake, na isomwe tawini mbele ya yule kijana wa mafunzo, ambaye sina ugomvi naye. Nisingependa akue akijua kazi ndiyo hiyo.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimebadili mawazo: ni siku 7 tangu mtakapoipokea barua hii. Baada ya hapo naipeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambao wanayajua masuala ya mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 vizuri kuliko mimi.

Na kuna jambo jingine nilikuwa nimeliacha kwa heshima. Nililipa kwa Lipa Namba, ujumbe wa muamala ninao. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikupewa. Niliambiwa mashine haina mtandao, nitatumiwa kwenye simu. Leo ni siku ya 12, sijatumiwa. Kuna ofisi ya TRA hapa Iringa, si mbali na dukani kwangu, na Jumatatu huwa sina wateja wengi.

Wenu katika kusubiri,

Mteja, mwenye Hilux nyeupe

Nakala (zimeshachapwa, ziko kwenye bahasha, hazijafungwa):
Tume ya Ushindani
Mamlaka ya Mapato, Iringa