Barua kwa mwanangu: brezeli na sufuria ya Kariakoo

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Jana umenipigia mara mbili sikupokea, usidhani nimenuna, mikono ilijaa unga. Nilikuwa naoka brezeli, hii mikate ya Wajerumani iliyofungwa kama fundo. Ndio, mimi. Miaka yote hii Stuttgart nanunua tu pale stesheni, ila tangu ulivyotuambia Krismasi kwamba nyama, maziwa, mayai basi tena, nimeanza kuulizia humo ndani kunawekwa nini, kumbe wengine wanatia siagi na wengine hata mafuta ya nguruwe, nikasema ah, ngoja nifanye mwenyewe.

Unga nusu kilo, maji mililita 300, hamira kavu pakiti moja, chumvi, na majarini ya mimea vijiko viwili badala ya siagi. Donge liwe gumu kuliko la maandazi, liache liumuke. Hapo sikuhangaika, mwanamke wa Tanga hafundishwi kukanda. Shughuli iko kwenye kuchovya kwenye maji ya magadi kabla ya kuoka.

Naenda kununua beking soda nakuta pakiti imeandikwa Natron, nikacheka peke yangu dukani kama chizi, si ziwa letu lile la kule Arusha lenye flamingo? Na kweli ni ukoo mmoja na magadi tunayotia kwenye maharage. Waokaji wa huku wanatumia soda kaustiki, wanavaa na glavu, hiyo jikoni kwangu haiingii. Ila ukiitandaza Natron kwenye trei ukaiweka oveni nyuzi 120 saa nzima inakuwa kali, inakaribia magadi kabisa, usiishike mkono mtupu.

Sasa mamako nikachemsha maji yake kwenye ile sufuria ya Kariakoo. Alumini! Muda kidogo maji kijivu, sufuria nyeusi ndani kama imepakwa masizi, brezeli nne za kwanza nimetupa. Nikahamia kwenye ya stenlesi.

Nne zilizobaki ndo sasa. Unachovya nusu dakika, ngozi inakunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, unaopoa na kijiko cha matundu, chumvi ya mawe juu, unachana tumbo na wembe, oveni nyuzi 220 dakika kama kumi na tano. Zimetoka kahawia zinang'aa na sijapaka yai wala maziwa, kazi ya magadi hiyo. Babako kala mbili na haradali, akauliza siagi iko wapi, nikamwambia hamna, akanyamaza akachukua ya tatu.

Mimi sijawa vigani kama wewe, usianze kutangaza kwa dada zako. Jumatatu mpaka Alhamisi nakunywa chai ya rangi, kichwa kiliniuma wiki nzima ya kwanza, na samaki wa kupaka hilo usinibane. Ila nimekaa nikahesabu, mchicha wa nazi, mbaazi, maharage, kisamvu, yani nimekulea na vyakula hivyohivyo, sasa siku ile ya Krismasi nililia nini mezani mbele ya wageni? Nilidhani unakataa mkono wangu. Basi.

Vidonge vya vitamini B12 unameza? Hiyo kwenye mboga huipati, usinijibu kwa emoji.

Ijumaa ukija pitia uniletee chumvi ya mawe, imebaki kidogo tu, na habari ya sufuria babako hajui, alinibebea mwenyewe kwenye ndege.

Mama