Malalamiko kuhusu Simu na Chaja Isiyotumia Waya Kupata Joto Kupita Kiasi

Mkurugenzi,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SIMU NA CHAJA ISIYOTUMIA WAYA KUPATA JOTO LA HATARI WAKATI WA KUCHAJI

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja niliyenunua kwenu simu, chaja isiyotumia waya na adapta yake, vyote vya chapa yenu na vyote vikiwa bado ndani ya muda wa dhamana. Ninaandika kulalamikia joto linalozidi kiasi kila simu hiyo inapowekwa juu ya chaja hiyo, madhara ambayo joto hilo limekwisha kuisababishia betri, na majibu ya wahudumu wenu ambayo hadi sasa hayajagusa kiini cha tatizo. Nimeona nikuandikie wewe moja kwa moja kwa sababu jambo hili limeshavuka mipaka ya usumbufu na sasa linahusu usalama wa mtumiaji.

Hali yenyewe ni hii. Simu ikiwekwa juu ya chaja hiyo, ambayo ni kibao cha kuchajia, ikiwa na chaji kidogo, huanza kuchaji vizuri, na kwa dakika za mwanzo haina tofauti na simu nyingine yoyote. Kabla haijafika nusu, mgongo wake huwa wa moto kiasi kwamba anayeishika hulazimika kuihamisha mkono huu hadi mwingine, mwanga wa kioo hufifia wenyewe, na hutokea ujumbe unaosema kuwa kuchaji kumesitishwa mpaka simu ipoe. Hapo ndipo ajabu inapoanza: taa ndogo ya kibao huendelea kuwaka kwa rangi ileile ya kuonyesha kuwa kinachaji, na kibao chenyewe hakipoi. Duara la mpira lililo juu yake, lililowekwa ili simu isiteleze, limelainika na sasa linanata, na limeacha mgongoni mwa simu alama ya mviringo isiyofutika kwa kitambaa. Upande wa chini wa simu, karibu na tundu la kebo, mfuniko wa nyuma umeanza kuachana na fremu. Ukiilaza simu mezani na kuibonyeza pembeni, inabembea.

Sikutaka kutegemea hisia za kiganja peke yake. Fundi wa simu alipima joto la mgongo kwa kipimajoto kisichogusa, ndani ya chumba chenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, simu ikiwa haina kava na hakuna programu iliyofunguliwa. Ikiwa juu ya kibao ilifika nyuzi 52. Simu hiyohiyo ilipochajiwa kwa kebo na adapta yenu ileile, haikuvuka nyuzi 36. Karatasi ya vipimo hivyo nimeiambatisha. Ili mpate kuona uzito wa namba hiyo, kiwango cha kimataifa cha ISO 13732-1, kinachohusu ngozi kuungua kwa kugusa vitu vya moto, kinaweka nyuzi 48 kuwa mpaka wa kuungua endapo ngozi itagusana na kitu kwa dakika 10. Na hapo tunazungumzia mgongo tu. Betri iko ndani, mahali ambapo joto halina pa kutokea kwa urahisi.

Jibu la kwanza nililopewa ni kwamba kuchaji bila waya huleta joto na kwamba hakuna cha kuhofia. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo sina ugomvi nayo. Chaja za aina hii hutumia kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, kwamba mkondo wa umeme unaobadilika ndani ya koili moja (waya uliozungushwa mara nyingi) huzalisha umeme ndani ya koili nyingine iliyo karibu nayo pasipo waya wa kuziunganisha. Katika kuvuka huko sehemu ya nishati hupotea, na nishati inayopotea huwa joto. Kibao chenu kimeandikwa kuwa kinaipatia simu wati 15. Tukikadiria kwa ukarimu kwamba asilimia 75 ya umeme unaoingia ndiyo inayoifikia simu, basi wati 15 hizo zinahitaji wati 20 kutoka kwenye adapta, na wati 5 zilizobaki zinaishia kuwa joto kati ya kibao na mgongo wa simu. Hayo niliyafahamu kabla sijanunua. Ninachouliza ni kitu kingine: joto hilo likifika nyuzi ngapi, kifaa chenu kinatakiwa kufanya nini? Hakuna mhudumu aliyenijibu kwa namba. Kitabu cha maelekezo kilichomo ndani ya boksi kinasema simu itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35, lakini hakitaji popote joto la juu ambalo kibao kinaruhusiwa kufika, wala joto ambalo kikilifikia kinapaswa kujizima.

Namba hiyo ina maana kubwa kwa betri. Betri za lithiamu-ioni, ambazo zilianza kuuzwa kibiashara mwaka 1991, kwa kawaida hutakiwa kuchajiwa zikiwa kati ya nyuzi 0 na 45. Zikichajiwa mara kwa mara zikiwa na joto zaidi ya hapo, kimiminika kilichomo ndani huanza kuharibika kikemikali na kutoa gesi, utando unaofunika elektrodi hasi huzidi kuwa mnene, uwezo wa kutunza chaji hushuka, na hatimaye mfuko wa betri huvimba. Wakemia hukadiria kwamba kasi ya mabadiliko mengi ya kikemikali huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyongeza ya nyuzi 10, kwa hiyo pengo kati ya 36 na 52 si la kupuuzwa. Simu yangu sasa huzima ghafla ilhali kioo kinaonyesha chaji bado ipo. Fundi, alipouona mfuniko ulivyoinuka, alisema betri imeanza kuvimba na akakataa kuifungua.

Naomba mwangalie kwa makini zaidi suala la mawasiliano kati ya vifaa hivi viwili, kwa kuwa naamini kosa liko hapo. Boksi la simu na boksi la kibao yote yana alama ya Qi, yaani kiwango cha kuchaji bila waya kinachosimamiwa na Wireless Power Consortium, umoja ulioanzishwa mwaka 2008. Kwa mujibu wa kiwango hicho, kibao hakimwagi umeme kiholela. Muda wote wa kuchaji simu hukipelekea ujumbe mfupimfupi, ikiomba nguvu iongezwe au ipunguzwe, na imepewa pia ujumbe maalumu wa kuomba umeme ukatwe, unaoambatana na sababu ya ombi hilo. Mojawapo ya sababu zilizoorodheshwa kwenye kiwango ni joto kuzidi. Waliokitunga waliliona tatizo hili mapema na kuliwekea dawa yake. Sasa simu inaponiandikia mimi kwenye kioo kwamba imeacha kuchaji kwa sababu ya joto, huku taa ya kibao ikiwaka na kibao kikizidi kuwa cha moto, moja kati ya mawili ni kweli: ama simu haikukiambia kibao kisimame, ama ilikiambia nacho hakikutii. Laiti simu ingekuwa ya kampuni moja na kibao cha kampuni nyingine, ningetarajia kila upande umtupie mwenzake lawama. Lakini simu ni yenu, kibao ni chenu, adapta ni yenu, na hata kebo inayoviunganisha ina nembo yenu. Kwa vyovyote itakavyokuwa, aliyekosea ni nyie.

Hata hivyo, kutupiana lawama ndiko nilikokukuta. Kitengo cha simu kilinielekeza kwenye kitengo cha vifaa vya ziada. Kitengo cha vifaa vya ziada kikasema kibao hakina kasoro, hivyo nirudi kwa wale wa simu. Nimepigwa danadana namna hiyo mpaka lalamiko langu likafungwa kwenye mfumo wenu kwa maelezo kwamba mteja amekwisha kuhudumiwa. Ni huduma ipi iliyohesabiwa, sijaelezwa.

Ushauri niliopewa katika mzunguko huo niliufuata wote: kuvua kava, kukiondoa kibao juani (ambako hakikuwahi kuwekwa), kufunga programu zinazofanya kazi kichinichini, kusasisha programu ya simu, na kutoacha sarafu, funguo au kadi kati ya simu na kibao. Huo wa vitu vya chuma ni ushauri wa maana, kwa sababu uga wa sumaku wa kibao huamsha mikondo ya umeme ndani ya chuma kilicho karibu na kukipasha moto, na ungestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi badala ya kusubiri mteja apige simu. Kwa tatizo langu haukusaidia kitu. Ulionishangaza ni ule wa kunitaka nihakikishe simu imekaa katikati kabisa ya kibao. Ni kweli kwamba koili mbili zikipishana hata kwa milimita chache, umeme unaopotea huongezeka na joto hupanda. Lakini kibao chenu ni duara tupu: hakina sumaku, hakina ukingo, hakina hata alama ya kumwonyesha mtu katikati ni wapi, na mpira wake ulipokuwa bado mpya na mgumu, simu ilikuwa ikijisogeza kidogo kila ilipotetema kwa ujumbe ulioingia. Kiwango cha Qi2, kilichotangazwa mwaka 2023, kimeleta sumaku za kuishika simu mahali pake kwa ajili ya shida hiyohiyo. Mliochagua kutengeneza kibao kinachomtaka mteja alenge koili asiyoiona ni ninyi, na si haki kumgeuzia mteja lawama anapokosa shabaha akiwa usingizini.

Sisemi kwamba simu yangu inakaribia kulipuka, wala sina nia ya kuzusha hofu. Ninasema tu kwamba kampuni kubwa kuliko yenu zimewahi kusimama na kukiri. Mwaka 2016 Samsung iliwataka wanunuzi wa Galaxy Note 7 wairudishe simu hiyo kwa sababu ya betri zilizoshika moto, ikaiondoa simu hiyo sokoni kabisa mwaka huohuo, na Januari 2017 ikaeleza hadharani kasoro zilizokutwa kwenye betri za watengenezaji wawili tofauti. Apple nayo ilitangaza kibao cha kuchajia cha AirPower Septemba 2017, kisha Machi 2019 ikasema haitakiuza kwa kuwa hakikufikia viwango vyake. Ninyi mnachoombwa ni kidogo kuliko hayo.

Kwanza, naomba nirudishiwe fedha yote ya kibao, na simu ibadilishwe kwa nyingine mpya. Kubadilisha betri peke yake hakutatosha, kwa sababu fremu imekwisha kupinda na mimi sina uhakika kwamba simu hiyo inatuma ujumbe wa kukata umeme inavyotakiwa. Pili, naomba jibu la maandishi kutoka kwa wahandisi wenu, na si kutoka kwenye orodha ya majibu yaliyotayarishwa, litakalotaja joto ambalo kibao kinapaswa kupunguza nguvu, joto ambalo kinapaswa kukata umeme kabisa, na kama kibao kina kipimajoto chake chenyewe au kinategemea simu tu. Tatu, kama uchunguzi wenu utaonyesha kwamba kasoro hii ipo katika toleo zima, basi wateja wengine waliokinunua waarifiwe, tena kwa ujumbe wa moja kwa moja kwenye simu zao, maana anwani zao mnazo tangu siku walipozisajili. Natarajia jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitalipeleka suala hili kwa mamlaka inayohusika na usalama wa bidhaa, pamoja na vielelezo vyote.

Limebaki suala la namna ya kuwafikishia simu hii. Mhudumu wenu wa mwisho aliniagiza niifunge kwenye boksi na kuituma kama kifurushi cha kawaida. Betri ya lithiamu iliyoharibika au kuvimba hairuhusiwi kubebwa na ndege chini ya kanuni za kimataifa za usafirishaji wa mizigo hatarishi, na ni jambo la kusikitisha kwamba mteja ndiye anayeikumbusha kampuni ya simu. Kwa hiyo sitaituma. Nimeizima, nimeacha kuichaji, na nimeiweka mbali na vitu vinavyoshika moto kwa urahisi. Naomba mtume mtu mwenye chombo kinachofaa kubebea betri ya namna hiyo, ambaye atasaini hati ya makabidhiano yenye namba za utambulisho za simu na za kibao, na kuandika humo hali aliyovikuta nayo kabla hajaviondoa.

Viambatisho: nakala ya risiti na ya kadi ya dhamana, karatasi ya vipimo vya fundi, picha za mfuniko wa simu na za mpira wa kibao, na nakala za majibu yote niliyopokea kutoka kwa wahudumu wenu.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mteja